Pesti mpya, nyuzi 100 zile zile: kisa cha kompyuta ya studio Kondele

Kompyuta ni ya mezani, prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu zote, ni Core i5-6500 ya kizazi cha sita, iliyotolewa na Intel mwaka 2015: viini vinne (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa), wati 65, kasi ya msingi gigahezi 3.2. Hitisinki, chuma cha kuipoza prosesa, ni ile ile iliyokuja nayo ndani ya boksi, alumini tupu ya mviringo yenye mapezi, feni juu yake, na pini nne za plastiki za kuishikiza kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Kwa kazi inayofanya, mashine hii bado inatosha sana.

Kazi hiyo ni matanga. Studio iko Kondele, Kisumu, na mama mwenye nayo anapiga picha na video za mazishi, anachapisha programu za ibada, na familia ikitaka anarusha mazishi moja kwa moja mtandaoni ili walio Nairobi, Dubai au Marekani wafuatilie. Huku kwetu hiyo ni biashara nzito. Mazishi mengi huangukia Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kompyuta ikikwama Alhamisi usiku hakuna cha kumwambia mteja asubiri wiki ijayo. Marehemu hasubiri, na jamaa walioko ng'ambo wameshaambiwa saa.

Tatizo lilianza kama uzito. Video iliyokuwa ikirenda, yaani ikikamilishwa na kompyuta kuwa faili moja, kwa muda wa kunywa chai ikaanza kuchukua nusu siku. Kisha mashine ikaanza kujizima katikati ya kurenda. Fundi wa kwanza alisema ni pawa saplai, maana stima ya mtaa ule hupotea na kurudi kwa kishindo. Ikanunuliwa nyingine, mashine ikaendelea kujizima. Fundi wa pili alisema ni joto, na hapo alisema kweli. Akafungua, akapaka pesti mpya, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite, akafunga. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Wa tatu akatoa hukumu kwamba prosesa imeungua, labda na mazabodi, na kwamba ni nafuu kutafuta mashine nyingine ya mitumba. Ndipo ilipoletwa kwangu.

"Fundi, kama prosesa imekufa niambie tu nijue nitafanya nini. Lakini Ijumaa nina mazishi mawili, moja Ugunja, lingine Ahero."

"Mama, prosesa iliyokufa haiwaki. Hii inawaka."

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo naliona kila mara: pesti inapewa sifa na lawama zisizo zake. Mtu akisikia kompyuta inapata joto, wazo la kwanza ni pesti. Ikipakwa na joto lisishuke, wazo la pili ni kwamba pesti ilikuwa ya bei rahisi. Katikati ya mawazo hayo mawili hakuna aliyepima chochote.

Kabla ya bisibisi

Nilipima kwanza. Programu ya HWiNFO ni ya bure na inaonyesha joto la kila kiini, kasi yake, mzunguko wa feni na kama prosesa imejipunguza mwendo kwa sababu ya joto. Kwenye Linux kuna lm-sensors, inafanya kazi hiyo hiyo. Mashine ikiwa imetulia, haifanyi kitu, prosesa ilikuwa nyuzi 58. Chumba changu kilikuwa na nyuzi 27. Tofauti ya nyuzi 31 kwa kompyuta isiyofanya kazi yoyote tayari ni dalili.

Nikaipa kazi ya kurenda kipande cha video alichoniachia mama mwenyewe, faili ile ile niliyoitumia kwa vipimo vyote vilivyofuata. Ndani ya sekunde mbili joto likaruka kutoka 58 hadi 100. Halikupanda polepole, liliruka. Kasi ikaanguka kutoka gigahezi 3.3 hadi kuchezea megahezi 800, ikapanda kidogo, ikaanguka tena. Hapo ndipo nusu siku ya kurenda inapotoka. Prosesa hii imewekewa mpaka wa nyuzi 100; ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na ikishindwa kabisa kujizuia, inakata umeme. Mashine inayojizima kwa joto haijaharibika. Inajiokoa.

Viini havikuwa na joto sawa. Viwili vilikuwa 100, cha tatu 93, cha nne 88. Viini vya prosesa moja huwa vinapishana kwa nyuzi chache, hiyo ni kawaida. Vikipishana kwa nyuzi 12 wakati vyote vinafanya kazi sawa, ujue kuna upande wa prosesa unaoguswa na hitisinki vizuri na upande usioguswa.

Kisha nikafanya kipimo ambacho hakihitaji programu. Kasha likiwa wazi, feni ikizunguka kwa kasi yake yote, nikagusa mapezi ya hitisinki kwa pembeni. Yalikuwa vuguvugu tu. Skrini inasema nyuzi 100, na bonge la alumini lililokaa milimita chache juu ya joto hilo nimelishika bila shida. Hewa iliyokuwa ikitoka kwenye feni ilikuwa baridi. Maana yake ni moja: joto halifiki kwenye hitisinki. Feni inapuliza bure.

Mambo haya mawili, namna joto linavyopanda na hali ya hitisinki ukiigusa, yanakupa karibu jibu lote kabla hujafungua skrubu hata moja. Joto likiruka ghafla na hitisinki ikabaki baridi, tatizo liko kwenye mguso kati ya prosesa na hitisinki. Likipanda polepole kwa dakika kumi au ishirini na hitisinki ikawa ya moto kweli kweli, mguso uko sawa. Tatizo ni vumbi, feni, au hewa ya moto inayozunguka ndani ya kasha bila pa kutokea. Kwa hali hii ya pili kupaka pesti hakusaidii kitu, hata ukipaka kila mwezi.

Kuna ushahidi mwingine ambao ulikuwa umepita bila kutazamwa. Kijana anayefanya kazi studio aliniambia kwamba kila mashine ikijizima, ikiwashwa inaleta maandishi meupe na kumwambia abonyeze F1, naye hubonyeza ikaendelea. Nilimwomba asubiri yatokee tena ayapige picha kwa simu. Maandishi yalikuwa yakisema waziwazi kwamba joto la prosesa limezidi. Kompyuta ilikuwa ikitaja ugonjwa wake kila siku. Kumbukumbu za Windows, kwa upande mwingine, hazikusaidia: zinaandika tukio namba 41, lenye maana tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, na linaandikwa vivyo hivyo stima ikipotea. Fundi wa kwanza yumkini alisoma hilo akaishia hapo.

Pini moja

Pini za hitisinki ya Intel zina sehemu mbili. Kuna miguu myeupe ya plastiki iliyopasuliwa inayoingia kwenye tundu la mazabodi, na kuna msumari mweusi unaoshuka katikati yake kuitanua ili isitoke. Kichwa cha pini kina mshale. Ukikizungusha kufuata mshale, msumari unaachia. Ukitaka kufunga, unakirudisha nyuma kwanza, ndipo unakandamiza hadi usikie mlio. Watu wengi hukandamiza kichwa kikiwa bado kimezungushwa kwenye kuachia. Kinashuka, kinaonekana kimeshika, kumbe hakijashika.

Ukitazama kwa juu, pini zote nne za mashine hii zilikuwa zimekaa chini sawasawa. Ndiyo sababu yule fundi wa pili aliridhika. Nilifungua ubavu wa pili wa kasha, ule ambao hakuna anayeufungua, nikatazama mgongo wa mazabodi kwa tochi. Tundu tatu zilikuwa na miguu myeupe iliyotanuka na ncha nyeusi katikati. Tundu la nne lilikuwa na mguu mmoja tu; mwenzake ulikuwa umekatika. Msumari ulikuwepo lakini hauna cha kutanua. Nikisukuma kwa kidole, pini yote inarudi juu.

Plastiki iliyokaa miaka mingi karibu na joto hukauka na kukatika, na hii ilikuwa imesafiri pia. Mashine hii ndiyo iliyokuwa ikibebwa kwenda kurusha mazishi. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia ni lami, ila ukiiacha kuingia vijijini Ugenya unakutana na vumbi na mawe, na kompyuta imesimama wima kwenye buti ya gari, hitisinki inaning'inia ubavuni mwa mazabodi kwa pini nne za plastiki. Kila shimo linaivuta chini.

Kabla ya kuing'oa hitisinki niliiacha mashine iwake dakika chache ili pesti ilainike, nikaizima, nikachomoa umeme, nikaizungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto ndipo nikainyanyua. Kuvuta moja kwa moja ni hatari. Kwenye mashine zenye prosesa za AMD za soketi AM4 (soketi ni kitako cha prosesa), ambazo pini ziko kwenye prosesa yenyewe, ukivuta kwa nguvu prosesa hung'oka pamoja na hitisinki ikiwa imefungwa bado, na pini zikipinda ni kilio.

Kilichokuwa chini kilieleza kila kitu. Upande wa ramu, palipokuwa na pini iliyokatika, pesti ilikuwa nene na laini, na juu yake bado kulikuwa na michirizi ya kadi aliyotumia yule fundi kuitandaza. Haikuwahi kukandamizwa. Ilikuwa imekaa vile vile alivyoiacha, inangoja hitisinki ambayo haikufika. Upande wa pili, kona iliyo mkabala, pesti ilikuwa imebanwa hadi chuma cha prosesa kinaonekana chini ya utando mwepesi wa kijivu. Na pembezoni, chini ya pesti mpya, kulikuwa na ukoko wa pesti ya zamani, umekuwa unga, haukusafishwa. Hitisinki ilikuwa imelala upande. Hii ndiyo sababu viini viwili vilikuwa 100 na cha nne 88.

Napenda kila anayefanya kazi hii awe na mazoea ya kutazama alama ya pesti kabla hajaifuta. Alama nzuri ni utando mwembamba ulio sawa kila upande, na ziada kidogo iliyosukumwa kwenye kingo. Nene huku na nyembamba kule, kuna pini au skrubu haijakaza. Kavu katikati na mbichi pembeni, pesti imesukumwa nje na kupanuka na kusinyaa kwa chuma kila kompyuta inapowaka na kuzimwa. Hiyo imechakaa, inahitaji kubadilishwa. Ukifuta kabla ya kutazama, umefuta maelezo ya mgonjwa.

Hesabu ya pengo

Mama aliuliza kama hapa hapangehitaji pesti ile ya bei kubwa. Ni swali la haki, na jibu lake ni hesabu.

Tuseme mfuniko wa prosesa, kile chuma cha juu yake, una eneo la sentimita tisa za mraba hivi, na wati 65 zote zinapita hapo sawasawa. Uwezo wa vitu kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa mita kwa kila nyuzi moja: shaba ni karibu 400, alumini 200 na zaidi kutegemea mchanganyiko, pesti za kawaida 4 hadi 10, na hewa iliyotulia ni 0.026. Utando wa pesti wenye kipimo cha 5 na unene wa milimita 0.05 unaongeza joto la prosesa kwa chini ya nyuzi moja. Ukiufanya mnene mara kumi, milimita 0.5, unaongeza nyuzi saba hivi. Sasa weka hewa badala ya pesti, pengo la milimita 0.1, unene wa karatasi. Hesabu inatoa zaidi ya nyuzi 270. Joto halifiki huko kwa sababu prosesa hujizima kitambo, lakini umeona uwiano.

Kwa kweli joto halisambai sawasawa kwenye mfuniko. Hujikusanya katikati juu ya silikoni yenyewe, kwa hiyo nyuzi halisi huwa nyingi kidogo kuliko hizo. Uwiano haubadiliki. Kutoka pesti ya 5 hadi ya 10 unapata nyuzi moja, mbili, tatu ukiwa na bahati. Kutoka hitisinki iliyolala upande hadi iliyokaa sawa unapata nyuzi 20 na zaidi. Na kwa prosesa hizi za kizazi cha sita, chini ya mfuniko wenyewe mna pesti nyingine iliyowekwa kiwandani ambayo hatuigusi. Intel ilitumia pesti ndani tangu kizazi cha tatu mwaka 2012 badala ya kulehemu. Kwa hiyo hata ukipaka pesti ghali kuliko zote juu, ile ya ndani iko pale pale.

Ndiyo maana pesti ya shilingi mia chache yenye jina linalojulikana inatosha kazi kama hii. Mimi nilitumia Arctic MX-4, ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo ikimwagika pembeni haileti shoti. Ninayoikataa kabisa kwa mashine za aina hii ni ile ya chuma kimiminika. Ina galiamu, na galiamu inakula alumini. Hitisinki ya boksi ni alumini tupu, itaharibika. Tena inapitisha umeme. Na dawa ya meno, ambayo bado nasikia ikipendekezwa, hupoza kwa muda kwa sababu ina maji. Maji yakikauka kinabaki chokaa.

Kukaza upya

Pini za plastiki ningeweza kuzibadilisha kwa pini nyingine, zinapatikana. Lakini kompyuta hii inasafiri, kwa hiyo nilimshauri mama tuweke skrubu nne zenye springi na bamba la nyuma ya mazabodi, seti inayouzwa kwa ajili ya hitisinki hizi hizi. Angalizo kwa wanaookota vipuri kwenye mashine za zamani: umbali kati ya tundu za soketi 1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 ni milimita 75. Hitisinki za soketi 775, zile za Core 2 Duo, zinafanana mno kwa macho ila tundu zake ni milimita 72. Nimeshaona zikilazimishwa. Pini zinaingia zikiwa zimepinda na mguso unakuwa huu huu wa upande.

Nilisafisha pesti yote, mpya na ya zamani, kwa isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, prosesa na chini ya hitisinki, hadi kitambaa kitoke cheupe. Spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ndani yake, na mafuta yakibaki kwenye chuma pesti haishiki vizuri. Kisha tone moja katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya ndengu. Sikulitandaza. Hitisinki ikishuka sawa na kukandamizwa, pesti inatawanyika yenyewe na kusukuma hewa nje. Ukitandaza kwa kadi unaweza kufungia mapovu ya hewa ndani.

Skrubu nilizikaza kwa mshazari: mizunguko michache hii, michache ile ya kona iliyo mkabala, kisha jozi nyingine, narudia hadi zifike mwisho wa springi. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine umeilaza tena hitisinki upande, safari hii kwa mikono yako. Na zikifika mwisho, acha. Ubao wa prosesa za kizazi cha sita ni mwembamba kuliko wa vizazi vilivyotangulia, na mwishoni mwa 2015 ziliripotiwa prosesa zilizopinda kwa sababu ya hitisinki nzito za kampuni nyingine zenye mkandamizo mkali. Springi ndiyo inayopima nguvu. Mkono ukizidisha unaharibu.

Vumbi la ndani ya kasha sikuligusa bado, kwa makusudi. Nikibadilisha mambo matatu kwa pamoja sitajua ni lipi lililoponya, na mama hatajua alipe nini.

Faili ile ile, chumba nyuzi 27. Ikiwa imetulia, 38. Nikaanza kurenda: joto likaruka hadi 61, likatulia kidogo, likaanza kupanda. Polepole, nyuzi moja moja, likaendelea kupanda hadi 80, na hapo likasimama. Viini vyote vilikuwa ndani ya tofauti ya nyuzi nne. Kasi ilikaa gigahezi 3.3 bila kutikisika. Nikagusa mapezi: ya moto, huwezi kuacha kidole. Ugonjwa wa kwanza umekwisha, na ule wa pili, wa kupanda taratibu, sasa unaonekana kwa sababu hakuna tena kinachouficha.

Vumbi la Ugenya na wadudu wa ziwani

Mbele ya kasha pana matundu ya kuvuta hewa, na nyuma ya matundu hayo palikuwa na zulia. Vumbi jekundu la barabara, nyuzi za nguo, na wadudu wa ziwani waliokufa kwa mamia. Aliyekaa Kisumu anawajua: wanatoka ziwani kama wingu, wanafuata taa, na kompyuta inayowaka usiku kwenye chumba chenye taa inawavuta ndani pamoja na hewa. Wakikauka wanashikana na vumbi. Feni ya nyuma ilikuwa inazunguka ila haina cha kuvuta.

Nilitoa kasha nje, nikatumia brashi laini na blowa ya umeme, huku nikizuia kila feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa na upepo mkali beringi zake zinaumia. Kompresa za wanaojaza matairi siziamini. Hewa ikibanwa kwenye tangi maji hujikusanya chini, na kwa unyevu wa hewa ya huku kando ya ziwa yanatoka pamoja na upepo moja kwa moja juu ya mazabodi.

Baada ya usafi, faili ile ile ilisimama nyuzi 71.

Ni vyema pia kusema kuhusu mahali tulipo, kwa sababu watu hulinganisha namba zao na za wazungu na kukata tamaa. Wanaopima Ulaya hukaa chumba cha nyuzi 20 au 21. Chumba chenye nyuzi 30 kinaongeza karibu nyuzi tisa au kumi kwenye prosesa, hivyo hivyo tu, bila kosa la mtu. Isitoshe Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa pungufu kwa kiasi hicho. Eldoret, kwenye mita 2,100, upungufu unapita asilimia 20, ingawa baridi ya huko inafidia. Nyuzi 71 kwa hitisinki ya boksi, Kisumu, prosesa ikifanya kazi asilimia mia, ni matokeo mazuri.

Lakini karakana yangu si studio yake. Nilienda kuipima pale inapokaa, alasiri, chini ya mabati yasiyo na dari, na kipimajoto cha chumba kikasema 33. Kompyuta ilikuwa ndani ya kabati la meza lenye mlango, printa imepakana nayo, mgongo umegusa ukuta. Baada ya nusu saa ya kurenda ilikuwa 84. Tuliitoa kabatini, tukaiweka juu ya kistuli mbali kidogo na sakafu, tukaacha nafasi ya shibiri moja nyuma yake. Ikashuka hadi 77. Gharama yake ilikuwa kusogeza meza.

Kijana aliuliza kuhusu ule ujanja wa kuweka kikomo cha prosesa asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Unafanya kazi kwa kuzima mwendo wa ziada. Kwa i5-6500 faida ni ndogo, maana tofauti ni kati ya gigahezi 3.3 na 3.2. Kwenye laptopu ni habari nyingine: i5-8250U ina msingi wa gigahezi 1.6 na hupanda hadi 3.4, kwa hiyo kikomo hicho kinashusha joto sana, na kinashusha kasi sana pia. Ni dawa ya muda, ya siku ambayo kazi lazima iishe na hakuna nafasi ya kufungua mashine.

Kuhusu safari tulikubaliana kwamba kompyuta ikibebwa ilazwe ubavu, mazabodi ikiwa chini na hitisinki imesimama juu yake, ili uzito wake uikandamize prosesa badala ya kuivuta. Iwekwe kwenye kiti cha nyuma juu ya blanketi, isiwekwe butini. Ikifika, afungue ubavu na kutikisa hitisinki kidogo kabla ya kuwasha, isitikisike.

Prosesa ni ile ile iliyoambiwa imekufa. Mazishi ya Ugunja yalirushwa kwayo, na video ya Ahero ilirendwa usiku ule ule. Nilimwachia HWiNFO kwenye skrini na namba mbili za kukumbuka: alasiri ya joto, kazi nyingi, ikifika 85 apulize vumbi la mbele kwanza. Ikiruka ghafla hadi 95 au zaidi pale tu anapoanza kurenda, asipulize wala asipake chochote, atazame mgongo wa mazabodi kama skrubu zote nne zimeshika, au anipigie.